Amana ya Mvunguni

Saa nane za usiku, katikati ya mwezi wa Mei, kitu kilipasuka chini ya kitanda chetu. Mlio mmoja mkavu, kama wa kuni inayovunjwa kwa goti, na nyuma yake mvumo uliokawia kuisha.

"Chaga imekatika," mke wangu alisema, hata macho hajafungua.

Nilishuka nikamulika kwa simu. Chaga zote zilikuwa nzima. Nikasogeza sanduku la nguo za watoto, nikasogeza feni mbovu ambayo kila mwaka twasema tutaipeleka kwa fundi, nikalifikia begi jeusi lililokaa huko miaka miwili. Nilipofungua zipu, harufu ya ukungu ilinipokea kabla sijaona kitu. Ulikuwa udi, ile ala ya nyuzi, na haukunukia udi wa kufukiza hata kidogo.

Daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi, lilikuwa limeng'oka. Lilining'inia kwenye nyuzi zake kumi na moja kama samaki kwenye mshipi, na pale lilipokuwa limegandishwa, uso wa udi ulikuwa umebanduka vibanzi, mbao changa imetokeza nyeupe.

Sikuwa nimeugusa. Hapana aliyeugusa.

Na wala haukuwa wangu.

Kumi kwa kumi

Twakaa Majengo, Mombasa, vyumba viwili vya kupanga katika nyumba ya Kiswahili, kila chumba futi kumi kwa kumi, ukumbi wa katikati ni wa wapangaji wote. Mchana nafanya kazi ya makaratasi bandarini. Wikendi, harusi zikiwapo, napiga kinanda. Kazi hii ya pili ndiyo inayokula nyumba.

Hebu nihesabu. Kinanda kimoja cha oktava tano. Akodioni ya marehemu baba. Taishokoto, ala ya nyuzi yenye vibonye. Ngoma mbili za dumbak, tari moja. Spika mbili kubwa, amplifaya, na kikapu cha ukili kilichojaa nyaya ambazo naapa huzaana usiku. Na watoto watatu.

Spika ndizo meza ya runinga. Zimetandikwa leso, mgeni hajui mpaka nimwambie. Kinanda husimama nyuma ya mlango wa chumbani, kwa hivyo mlango wetu haujawahi kufunguka wote tangu tuhamie. Akodioni ilikuwa imebanwa baina ya kabati na ukuta. Taishokoto juu ya kabati, pamoja na masufuria ya shughuli. Tulikuwa tumejipanga, tukajiona mahodari.

Watu wengine huniuliza kwa nini nisipandishe vitu darini. Nyumba yetu imeezekwa mabati. Panda huko saa saba mchana wakati wa kaskazi, ukae dakika tano, kisha uniambie. Ndani ya akodioni kuna ndimi ndogo za chuma zinazolia, na katika akodioni nyingi ndimi hizo hushikizwa kwa nta. Nta na mabati ya Mombasa havipatani.

Kwa hivyo udi ulipokuja, ulibaki mvunguni tu.

Namna ulivyokuja

Ami aliuleta mwenyewe kwa tuktuk, ameupakata kama mtoto anayepelekwa hospitali. Si ami wa damu. Ni mzee niliyejifunza kwake kusikiliza, maana kupiga ni kitu kingine. Macho yalikuwa yanamwishia, na bintiye wa Malindi alikuwa amekwisha kuamua: ahamie kwake. Nyumba ya binti ina wajukuu sita, na mmoja wao, alisema Ami, "ana mikono ya nyundo."

Akauweka udi juu ya kitanda chetu. Nauona bado: mgongo wa mistari ya mbao nyeusi na nyekundu zilizounganishwa moja kwa moja, tundu lenye nakshi, na ndani yake kikaratasi cha maandishi ya Kiarabu kilichofifia.

"Nakuwekea amana," akasema. "Nikiutaka ntakupigia."

Hakunipigia kuutaka. Alipiga kila Idi, na kila mwanzo wa Ramadhani, na nilipofiwa na shangazi. Hakuuliza udi hata mara moja. Mimi pia sikuutaja. Nilidhani huo ndio uaminifu: kitu cha watu kimewekwa, kimefunikwa, hakiguswi.

Hata kuupiga sikuupiga. Chuoni, tulikosomea Kurani, tulisomeshwa kwamba mwenye kuwekewa amana haitumii bila idhini ya mwenyewe. Nililishika neno hilo barabara. Miaka miwili sikuufungua hata zipu.

Wiki tano sasa nalitafuna neno hilohilo, maana lina mwenzake ambalo sikulitilia maanani. Tulisomeshwa pia kwamba amana ikiharibika pasi na uzembe, aliyewekewa hadaiwi. Na uzembe unajulikanaje? Miongoni mwa alama zake ni hii: umekiweka kitu pahali ambapo kitu mfano wake hakiwekwi. Dhahabu haiachwi barazani. Ng'ombe hafungiwi chumbani.

Na udi, je, huwekwa wapi?

Skurubu mbili

Kwanza nilifanya alivyofanya kila mtu aliyewahi kuvunja kitu cha watu. Nilitafuta wa kukitengeneza kabla mwenyewe hajajua.

Mafundi wa udi katika mji huu ni wa kutafuta kwa tochi. Mji huu ambao Zein l'Abdin aliupigia udi mpaka watu wa ng'ambo wakaja kumsikiliza! Wa vitanda na milango ya nakshi wapo tele, nami nilimwendea mmoja Mji wa Kale, mtu ninayemheshimu, mikono yake haina mchezo. Aliugeuza udi, akaugonga kwa kucha, akavuta mdomo.

"Hii kazi ya nusu saa. Gundi nyeupe, skurubu mbili hapa na hapa, natia vanishi. Itashika mpaka kiyama."

Nikakaa kwenye kigoda chake nikafikiri. Sitadanganya: nilifikiri kwa muda mrefu kuliko inavyostahili. Ami haoni. Skurubu zingefunikwa. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko nauli ya kwenda na kurudi Malindi.

Kilichonizuia si ucha Mungu. Ni kwamba najua uso wa udi una unene wa milimita mbili hivi, na daraja lote hukaa juu yake kwa gundi peke yake. Nyuzi zimefungwa kwenye daraja, zinavuta mchana na usiku kuelekea shingoni, na uso ule mwembamba ndio unaotetemeka ukatoa sauti. Tia skurubu pale na umeutia msumari ulimi. Na ile gundi nyeupe ya mbao, ikishaingia kwenye vinyweleo, gundi nyingine haishiki tena juu yake. Udi wa zamani umegandishwa kwa gundi ya ngozi, ile inayochemshwa. Ubaya wake ni kwamba joto na unyevu huilegeza. Uzuri wake ni huohuo: fundi anayejua huilegeza kwa makusudi, akatengeneza, akagandisha upya.

Ami angejua kwa vidole kabla ya kupiga noti ya kwanza.

Nikauchukua udi nikarudi nao nyumbani, nimeufunga kwa leso ya mke wangu, mvua ikininyea.

Kipimo

Sasa nilitaka kujua nimekosea wapi, na hapo ndipo nilipopoteza usingizi zaidi ya usiku ule wa mlio.

Nilinunua kipima unyevu, kile kidogo cha kidijitali chenye kioo cha namba, kwa bei ya sahani mbili za biriani. Watengenezaji wa vyombo vya mbao hupenda hewa ya asilimia 45 hadi 55. Nilicheka niliposoma. Hiyo Mombasa ni ya kuota, labda uwe na eyakondishani na mtu wa kukulipia stima.

Nikakiweka mvunguni usiku kucha. Asubuhi: 86.

Juu ya kabati: 79. Nyuma ya mlango: 80. Ukuta wa chumbani unaotazama kusini, ule unaopigwa na mvua ya kusi, 84, na ukiuwekea kiganja wausikia ubaridi wake. Ukuta wa ndani, unaotenga chumba na sebule, kimo cha bega: 73.

Nilirudia siku nne nikidhani kipimo kibovu. Namba zilipanda na kushuka, lakini mpangilio wake haukubadilika. Mahali pabaya kuliko pote katika nyumba yangu ni palepale nilipopachagua kwa kuwa hapaonekani.

Ukifikiri, ndivyo inavyopasa kuwa. Sakafu ya saruji iliyolala juu ya ardhi hunyonya maji masika yote. Godoro juu yake ni kifuniko. Hapana upepo, hapana jua, hapana mtu anayepita. Begi lenyewe lilikuwa na bitana ya plastiki, nikajisifu kwamba maji hayataingia. Kumbe yalikuwa yamo ndani tayari, nikayafungia na zipu. Na nyuzi zote kumi na moja zilikuwa zimekazwa kama Ami alivyozikaza mara ya mwisho, zikivuta miaka miwili, gundi ikilegea kidogo kidogo.

Haikuwa ajali ya saa nane za usiku. Mlio ndio uliotokea saa nane.

Kwa khalati

Khalati yangu, dada wa mama, anakaa Kibokoni, katika nyumba ya kuta za mawe na chokaa, nene kiasi cha mtoto kulala dirishani. Nilimwendea kwa sababu nyingine, lakini moyo ukijaa mdomo hauna kizuizi.

"Babangu alikuwa na udi," akasema. "Ulikuwa ukitungikwa pale." Akanyoosha kidole kwenye ukuta wa chumba cha ndani, juu ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ambapo leo pana kalenda ya duka la dawa. Kigingi bado kipo. Sikuwahi kukiona maisha yangu yote.

"Haukuibwa? Watoto hawakuuvuta?"

"Tulikuwa tukiuona kila siku. Kitu wakiona kila siku, chawezaje kuibwa usijue?"

Akaongeza kwamba kila jioni nyumba ilifukizwa, na moshi wa udi ule wa kunukia ndio uliofukuza mende wasiingie kwenye udi wa kupigwa. Hapo simo. Nimefungua vinanda vya watu waliofukiza miaka yote nikakuta mende wamehamia na jamaa zao, maana kinanda kina joto na giza. Lakini khalati hapingwi nyumbani kwake, nami nilikuwa nimeshapata nilichokifuata.

Chumba cha ndani. Ukuta usiopigwa na mvua. Kimo cha mtu. Mbele ya macho ya watu.

Kalenda

Kurudi Majengo na wazo hilo ni jambo jingine. Ukuta wetu wa ndani una kalenda ya msikiti, picha ya harusi, na swichi. Nilimweleza mke wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono.

"Miaka minane naomba rafu ya vyombo vya jikoni pale," akasema. "Ukaniambia ukuta hautashika misumari."

Nilikuwa nimesema hivyo kweli.

Yalikuwa mazungumzo ya siku tatu, na mengine hayahusu udi. Siri ya mtu na vyombo vyake, anayeijua ni anayelala naye. Alinikumbusha mara aliyojikwaa kwenye spika akiwa mjamzito. Alinikumbusha kwamba kabati lake la nguo halifunguki mlango wa pili kwa sababu ya akodioni, na kwamba akodioni yenyewe sijaipiga tangu maziko ya baba.

"Umesema udi ni amana ya watu," akasema. "Na nyumba hii je?"

Sikuwa na jibu. Nilichukua sanduku la akodioni nikalitoa pale nilipolibana. Lilikuwa limelazwa kwa ubavu. Hilo nalo kosa: ndani yake kuna vilimi vya ngozi vinavyofunika ndimi za chuma, na ukiilaza vibaya kwa muda mrefu vilimi hivyo hujikunja, hewa ikavuja, sauti ikakawia. Akodioni hukaa kwa miguu yake minne, kama inavyokaa kwenye mapaja ya mpigaji. Nikaifungua kidogo. Noti tatu zilitoa pumzi badala ya sauti.

Baba angeniambia neno moja tu, nalo siliandiki hapa.

Akodioni sasa iko Kibokoni, kwa khalati, imesimama kwa miguu yake, na binamu yangu wa miaka kumi na sita ana ruhusa ya kuipiga. Ruhusa nimempa kwa maneno mbele ya mamake. Nimejifunza. Rafu ya jikoni imepanda ukutani, nusu ya chini, na ukuta umeshika misumari vizuri sana. Nusu ya juu ni ya udi, utakaporudi.

Mengine nilimaliza kwa Jumapili moja. Nimetoa betri kwenye kipaza sauti na vikorokoro vyote, moja ilikuwa imeshavuja unga wa kijani. Kinanda kimevuliwa plastiki kikavikwa leso, kipumue. Taishokoto nimeipangusa nyuzi, maana chumvi ya bahari ilikuwa imeshaanza kuzitafuna; kidude hiki kilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, kikavuka bahari hadi Mombasa kikawa ndicho sauti ya taarab ya harusi zetu, kisije kikafia juu ya kabati langu baina ya masufuria. Vile vipakiti vya chembechembe zinazokuja ndani ya viatu vipya, vya kunyonya unyevu, navikusanya sasa kama mlevi wa vipakiti, lakini vikishashiba havifanyi kitu mpaka uvikaushe. Kuna walioniambia nitie mchele. Mchele huleta vumbi, vumbi huleta fukusi, fukusi huleta panya. Makaa makavu katika soksi yanatosha, bora uyabadilishe.

Nyuzi za kila kinachovutwa nimezishusha noti moja au mbili. Zisilegee kabisa, zisivute kwa nguvu.

Haya yote nayajua tangu zamani, kwa mdomo.

Simu ya Malindi

Nilipiga Ijumaa baada ya swala, wiki ya tano. Nilikuwa nimepanga maneno. Yakapotea yote aliposema, "Mwanangu, ni mzima?"

"Ami, udi umevunjika."

Kimya. Nilisikia wajukuu nyuma, mmoja akigonga kitu. Mikono ya nyundo, nikafikiri.

"Daraja?"

"Daraja. Wajuaje?"

"Lilivunjika mara moja kabla hujazaliwa. Nyuzi ulizilegeza?"

"La, Ami."

"Nani alokuwa akiupiga?"

"Hapana mtu. Nilisema ni amana, siugusi."

Alivuta pumzi ndefu. Nilingoja hasira. Ningeipokea kwa mikono miwili.

"Na mimi kila Idi nakupigia," akasema polepole, "nangoja unambie umejifunza nini juu yake. Husemi. Nikasema basi, huyu hapendi. Nikaona haya kuuliza."

Sikuweza kusema kitu. Mke wangu, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, aliingia na kikopo cha mafuta ya kujipaka akakifungua mbele yangu. Ndani yake mlikuwa na vibanzi, vyembamba kama kucha, vimelazwa juu ya pamba. Alikuwa ameviokota usiku uleule wakati mimi nimekaa sakafuni nimeshika kichwa.

"Vibanzi vipo?" Ami akauliza, kama aliyeona.

"Vipo, Ami. Vinne."

"Uchukue udi. Pitisha kidole pale lilipokuwa daraja, anza upande wa uzi mnene, ule ulio peke yake. Vipachike kimoja kimoja, usitie gundi. Vyakaa?"

Vilikaa. Kila kimoja kilijua kwake.

"Sasa nenda mwisho, kwa nyuzi nyembamba. Pana shimo?"

Pale mwisho palikuwa na shimo, dogo, refu kama punje ya mpunga.

"Pana."

"Basi kimoja kimebaki. Nataka vyote, ndipo uniletee huku. Gundi nitaichemsha mwenyewe."

Niliiweka simu juu ya kitanda, sauti nimeifungua. Nikalivuta sanduku la nguo za watoto, nikaivuta feni, nikalala kifudifudi juu ya saruji baridi na tochi mkononi, Ami akiniuliza kutoka juu ya godoro kama nimekiona.